Bawaba ya Kumi na Tatu

Ukimuuliza mama yake Voula Mantzaris mwanawe anafanya kazi gani, atakwambia anatengeneza ndege, na majirani wote wa Kigiriki pale mtaani Oakleigh wanaamini hivyo. Ukweli ni kwamba Voula hajawahi kutengeneza hata kiti cha ndege. Kazi yake, katika kiwanda kimoja cha Dandenong, ni kutafuta namna mashine itakavyokata chuma upesi zaidi bila kukiharibu. Ni kazi isiyo na shangwe. Ukishinda hakuna anayejua, ukishindwa kiwanda kizima kinajua kabla ya saa ya chai.

Kwa miezi kumi na moja alihangaikia bawaba moja ya bawa la ndege, ya titani, chuma chepesi lakini kigumu kukata, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Ilikuwa ikikatwa kwa saa tisa, yeye akaishusha hadi tano. Kumi na mbili zilitoka safi mfululizo. Chumba cha vipimo kikagonga mhuri, naye Voula akatia sahihi karatasi ya kufunga kazi: programu inayoiongoza mashine iende kama ilivyoandikwa, mkono wa mtu usiiguse. Kwa watu hawa karatasi hiyo ni kiapo. Ikishatiwa sahihi, hata maji ya kupoozea hubadilishi bila ruhusa.

Zote kumi na mbili zilikatwa na Merv Duggan, fundi wa miaka thelathini mbele ya mashine na mdomo usiokaa kimya.

"Injinia wetu kaamka, au bado anaota hesabu?" alikuwa akimwambia Voula kila asubuhi.

"Kata chuma, Merv. Timu yako ya mpira ilishakatwa Jumamosi."

Merv akaenda likizo Perth kumwona mjukuu wake wa kwanza. Mashine akaachiwa Tuyet, mwanamke mpole anayesoma maagizo mara tatu kabla ya kubonyeza chochote. Bawaba yake ya kwanza, ya kumi na tatu kwa hesabu, ilitoka na mawimbi kwenye kona ya ndani. Ukipitisha ukucha unayahisi. Ikatupwa.

Voula alimfuata palepale, na nasikitika kusema hakumfuata kwa upole.

"Umegusa nini, Tuyet?"

"Sijagusa kitu. Karatasi imesema nisiguse."

"Haiwezekani! Kumi na mbili zimetoka safi."

Tuyet akainamisha kichwa. Mafundi wengine walikuwa wakimtazama.

Mashine hizi zina kumbukumbu, huandika kila mkono unaozigusa. Voula alikaa nayo kwenye kompyuta akimtafuta Tuyet, asimwone. Aliyemkuta ni Merv. Kila bawaba, ikifika kwenye kona ileile, Merv alizungusha swichi ya mwendo wa mashine na kuupunguza kwa sehemu moja ya tano, kisha akaurudisha. Mara kumi na mbili. Voula akampigia simu.

"Si ilikuwa inalia, Vou," Merv alisema. "Chuma kikilia ujue kinatetemeka, unapunguza mwendo. Fundi gani atasimama tu anasikiliza?"

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeanza upya. Ulishakonda kwa kazi ile, bwana wee. Nilitaka ikufanikie."

Voula alikata simu bila kuaga. Hakuna hasira ngumu kama ya kumkasirikia mtu aliyekutakia mema.

Bawaba kumi na mbili zilikuwa kwenye masanduku, lori linakuja saa tisa alasiri. Vipimo vyake havikuwa na doa. Akinyamaza, zitaondoka, Merv atamaliza miezi saba aliyobakiza astaafu kwa heshima, na yeye atabaki na ushindi wake. Kilichohitajika ni Tuyet tu abebe lawama, na ripoti ya meneja, Glenys, ilishambebesha: kosa la mwendeshaji, aondolewe kwenye mashine.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Voula aliingia kwa Glenys na karatasi za kumbukumbu mkononi.

"Zuia lori," alisema. "Ripoti yako si kweli, na sahihi yangu pia si kweli."

Glenys alisoma, akavua miwani. "Unajua unachofanya? Zile kumi na mbili ni nzima."

"Ni nzima kwa sababu ya Merv. Iliyokatwa kama nilivyoandika mimi ni moja tu, na ndiyo mbovu."

Lori likaondoka tupu. Masanduku yakafungiwa kwenye kizimba cha vitu vyenye shaka, barua ya onyo ikaandikwa kwa jina la Merv, na kazi ya miezi kumi na moja ikafunguliwa upya. Voula alilia chooni, akanawa uso, akaenda chumba cha chakula. Tuyet alikuwa peke yake na bakuli lake la wali.

"Nimekukosea mbele ya watu," Voula alisema akivuta kiti. "Nisamehe. Programu yangu ndiyo mbaya. Inalia kwenye kona."

"Najua. Niliisikia."

"Uliisikia? Sasa mbona hukuniambia?"

Tuyet aliweka kijiko chini.

"Uliniuliza nimegusa nini," alisema. "Hukuniuliza nimesikia nini."