Kadi ya Jumanne

Ofisini walimwita Bi Hesabu, na jina hilo hakulichukia. Kazi ya jiji aliianza akiwa na miaka ishirini na miwili, akikaa kituoni juu ya kigoda, ubao magotini, akichora kijistari kwa kila abiria aliyepanda basi. Mvua inyeshe, jua liwake, yeye anachora. Zilipokuja kadi za kugonga mlangoni, kompyuta zikawa zinahesabu zenyewe, wenzake wa vituoni wakahamishiwa masjala na bustani. Yeye, tayari ana miaka arobaini na minne, alijiandikisha darasa la jioni, akabanana dawatini na watoto wa kuwazaa mwenyewe, mpaka kompyuta ikamtii. Walipomcheka aliwaambia, "Nyinyi mnajua kuhesabu. Mimi ninakijua kinachohesabiwa."

Basi kila asubuhi data za jana zilimkuta na chai yake: kadi gani imegongwa, kituo gani, saa ngapi, imeshukia wapi. Kwenye jedwali lake kadi hazikuwa na majina. Kila moja ilifichwa nyuma ya tarakimu zisizo na maana, na ni yeye aliyepiga kelele mpaka ikawa hivyo. Hata hivyo watu aliwaona. Aliwaona waoka mikate wakitangulia gizani, wafagiaji wakifuata, kisha wauguzi wa zamu, kisha wanafunzi kama nyuki. Siku ya mitihani aliijua bila kuambiwa, maana watoto waliwahi kwa nusu saa.

Katika umati wote huo alikuwa anamtafuta mmoja, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, kitinda mimba, na hilo la Kitinda ndilo lililobaki kuwa jina lake. Alikuwa dereva wa mabasi ya safari ndefu. Baba yao alipougua, dada ndiye aliyemwogesha na kumlisha kwa miezi tisa, na Kitinda akawa mtu wa kupita, leo yupo, kesho yuko njiani. Siku ya maziko alifika watu wamekwisha keti. Dada mtu, uchungu umemkaba, alisema mbele ya kadamnasi, "Wenyewe wakae huku. Wageni wakae kule," na mkono wake ukamwonyesha Kitinda upande wa wageni. Kitinda alikwenda akakaa alikoonyeshwa, maziko yakaisha, akaondoka. Ilikuwa miaka kumi na moja sasa. Ulimi hauna mfupa, lakini ule wa siku ile ulivunja.

Mwaka huo mkuu wa idara alimpa kazi ya kutafuta njia za mabasi zenye abiria wachache ili zifutwe. Ya kwanza kujitokeza ilikuwa namba kumi na nne. Abiria kumi na tisa kwa siku, na mwisho wake ni zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa karakana. Bi Hesabu alikaa akaitazama namba hiyo. Alizaliwa kwenye nyumba hizo. Baba yake alikuwa fundi wa injini pale, na wao wawili walilala chumba kimoja, miguu ya huyu kichwani kwa yule.

Alipozichambua zile kadi chache, moja ilimshtua. Kila Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, ilipanda kituo cha darajani, ikashuka kituo cha mwisho, ikarudi saa sita kasoro. Miaka miwili haijakosa hata wiki moja. Kitinda, enzi za udereva wake, alikuwa akipumzika Jumanne.

Alikwenda kwa mtunza mitambo ya kadi, mtu wa rika lake aliyezoea kutaniana naye.

"Nipe hizo tarakimu," yule akasema. "Dakika mbili nakupa jina na simu."

Bi Hesabu alikwisha ifunua karatasi.

"Ila wewe si ndiye uliyetukataza?" yule akaongeza. "Ulisema mwenye kadi hakutuita nyumbani kwake."

Bi Hesabu aliikunja karatasi. "Nilisema. Usinipe."

Jumanne iliyofuata aliomba ruhusa, akapanda namba kumi na nne tangu mwanzo wa njia, akakaa kiti cha nyuma. Alivaa kitambaa alichojua mdogo wake angekikumbuka. Kichwani alipanga maneno, akayapangua. Atamwambia nini kwanza? Samahani, au umekula?

Darajani mlango ulifunguka. Alipanda mwanamke mnene, mkononi begi jeusi, akagonga kadi. Bi Hesabu alichungulia nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Mlango ukafungwa, basi likaondoka.

Alitazama nje vituo vitatu vizima. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi, alihamia kiti cha karibu na yule mwanamke akamsalimu.

"Unakwenda mwisho, dada?"

"Kila Jumanne. Mimi ni muuguzi. Kule nina wagonjwa saba, hakuna anayeweza kushuka ngazi. Nikichelewa, vidonda vinanuka. Na wewe unamfuata nani?"

"Mdogo wangu," akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

Waliposhuka alimbebea begi. Walipanda ngazi hizi, wakashuka zile. Alishika beseni, alikata bandeji. Aliona mwanamke aliyepooza akiwa amejipaka poda tangu asubuhi kwa kuwa muuguzi ndiye mgeni wake pekee wa wiki. Saba wote hawakuwa na kadi. Katika jedwali lake hawakuwahi kuwepo.

Mgonjwa wa mwisho alikuwa mzee mwenye mguu wa kisukari, zamani mnyapara wa karakana. Alimtazama sana.

"Wewe mtoto wa fundi. Pua hiyo haifichiki. Yule mdogo wako, mpiga miluzi, yuko wapi?"

"Sijui, mzee. Namtafuta."

"Unamtafuta na shangazi yenu yu hai?"

"Yu hai."

"Umemuuliza?"

Bi Hesabu aliinamia beseni. Muuguzi aliendelea kufunga kidonda kama hakusikia.

"Haya," mzee akasema. "Huo si utafutaji, mwanangu. Huko ni kuzunguka tu."

Wiki tatu zilizofuata alirudi kwenye kazi yake ya zamani, kalamu na karatasi, mlango kwa mlango, akiandika nani anamtegemea nani anayepanda basi lile. Katika ripoti aliandika kwamba abiria kumi na tisa walikuwa wakihudumia watu themanini na wanne wasioweza kusafiri, na akaonya kwamba njia nyingine ndogo huenda ziko hivyo pia. Mkuu wa idara aliisoma mara mbili. Njia haikufutwa, ila ilipunguzwa ikawa siku tatu kwa wiki, Jumanne ikiwemo. Muuguzi alisema nusu shari kuliko shari kamili.

Kwa shangazi alikwenda Jumapili, mchana. Bibi yule alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Namba yake ninayo tangu mwanzo," alisema. "Yuko mji wa mpakani, ana karakana yake ndogo. Nilikuwa nangoja uulize."

"Mbona hukunipa, shangazi?"

"Uliniuliza?"

Alipopewa namba alishindwa kupiga. Aliandika ujumbe, akafuta, akaandika tena: Mdogo wangu, siku ile nilikukalisha mahali si pako. Nisamehe. Akautuma, akaiweka simu kifudifudi mezani.

Siku kumi na sita zilipita. Jibu lilikuja ofisini, katikati ya kikao: Nimekusikia, dada. Si zaidi ya hapo. Hakusema anakuja, hakusema haji. Bi Hesabu aliomba radhi akatoka hadi korido, akalisoma akiegemea ukuta, tena na tena, mtu mzima na hesabu zake, akitafuta katika maneno mawili kitu ambacho hakijaandikwa. Kisha alifuta macho kwa kiganja, akarudi ndani, akaomba waanze tena pale walipofikia.