Udongo wa Kumtumia Mama

Udongo uliochongwa juzi, ukinyeshewa, una harufu yake. Nikiisikia popote nilipo, narudi Tukuyu, nina miaka tisa na simu ya baba mkononi.

Baba alikuwa mwalimu, amehamishiwa huko kutoka Kondoa. Mama alibaki kumuuguza bibi. Alikuwa mfinyanzi, na siku ya kuagana hakulia. Aliuliza tu udongo wa huko ukoje. Mimi, kwa akili zangu za kitoto, nikaona hilo ndilo sharti: udongo ukimpendeza, atakuja.

Basi kila Jumapili nilishika njia ya Kisondela peke yangu, hadi pale walipochonga kilima ili magari yapite. Ukuta ule ulikuwa wa matabaka: jeusi juu, kisha la njano lenye vijiwe vyepesi vya volkano, na chini kabisa jekundu, la kunata. Niliupiga picha za kumtumia mama kwa simu ya baba, na katika kila picha nilibandika kiganja changu ukutani ili aone unene wa tabaka. Watoto wa majirani pale Msasani, mtaa wetu wa Tukuyu, walinicheka kwa Kinyakyusa, nami sikuwa na hata tusi moja la kuwarudishia. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimaliza mwaka na jembe hatujaliona. Nilikuwa mpweke, sifichi.

Siku moja bibi mmoja, mkungu wa ndizi kichwani, alisimama kunitazama.

"Gwe mwanangu, kwenu udongo haupo?"

Nikamjibu "ndaga", yaani asante, neno pekee la Kinyakyusa nililolijua. Akaenda zake akiguna.

Picha zilikwenda wiki baada ya wiki. Mama hakuusifu udongo hata mara moja. Siku aliyopiga simu, aliuliza, "Kucha zako anakukata nani?"

Nilikasirika. Namtumia kilima kizima, yeye anaona kucha! Nikakata simu, na tangu siku hiyo sikupiga picha tena. Mama naye hakuja. Tulirudi kwake sisi, miaka miwili baadaye, bibi alipokwisha kufariki.

Mwaka jana nilimsaidia mama kuhamisha vitu kutoka simu yake ya zamani. Picha zangu zote zimo, zimepangwa, lakini udongo haumo. Kila moja ameikata pembeni, juu na chini, akabakiza kiganja tu. Ya mwisho ina kucha ndefu, chafu. Baada ya hiyo hakuna kitu, kwa miaka miwili mizima.