Kikapu cha Mzee Futi

Ilikuwa mwaka ule mtaa ulipowekewa taa za barabarani. La, nasema uongo. Taa zilitangulia, na haya yalitokea mwaka uliofuata, maana mke wa Mzee Futi aliziona zile taa akazisifu, na katika habari hii mke huyo ni marehemu.

Mzee Futi alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alilipata kwa kuwa futi yake ya kupimia haikushuka shingoni hata baada ya kustaafu. Mtu mpole, lakini upole wa kukagua: ukimrudishia mkasi wake, anaufungua na kuufunga kwanza, asije akawa amerudishiwa wa mtu mwingine. Enzi za kazi, vitu vyake vya thamani alivificha chini kabisa ya kikapu cha vipande vya nguo. Wezi walivunja kibanda chake cha kushonea mara mbili, wakabeba pasi na majora, kikapu wakakiruka.

"Mwizi hachambui matambara," alikuwa akisema.

"Ipo siku utajificha humo wewe mwenyewe," mkewe humjibu.

Sasa, pale sebuleni palikuwa na kompyuta ya mezani, kuukuu, feni yake ikinguruma kuliko cherehani. Binti yao aliwaletea alipoolewa. Siku moja mama wa watu alikuwa akikunja nguo huku akijaribu kile kipaza sauti, hajui kwamba mashine inarekodi. "Eti inasikia hii?" akauliza. Kisha akaendelea na umbea wake: "Huyu mkwe wako, baba watoto, anacheka kwa meno tu, macho hayamo." Akacheka mpaka akakohoa.

Alipofariki, sauti yake iliyobaki duniani ilikuwa hiyo peke yake. Mzee Futi angeiweka wapi, na mkwe mwenyewe haishi kuja kukaa kwenye ile mashine? Akaitia ndani ya kile kikapu cha taka kilichochorwa pembeni mwa kioo cha kompyuta. Juu yake akatupa filamu kuukuu, picha zilizofifia, kila alichokiokota, iwe chini kabisa kama zamani. Kila Jumapili aliitoa, akavaa visikilizio, akaisikiliza, akairudisha, akatupa tena vitu juu yake. Visikilizio akavikunja waya kwa mkunjo wake wa kifundi.

Basi ikafika Jumapili sauti ikaanza kukwama. "Huyu mkwe... huyu mkwe..." halafu kimya. Mashine ikaandika kwamba imejaa, haina nafasi. Hapo mzee hakuwa na ujanja. Ilibidi amwite mkwe yule yule, aliyekuwa karani wa ofisi ya bima na mjuzi wa mambo hayo.

Mkwe akaja na viatu vinang'aa, flashi ya kunakilia mafaili inaning'inia kwenye funguo zake. "Shikamoo baba!"

"Marahaba. Hiyo ya nini?"

"Flashi tu, baba. Hutembea nayo."

Mzee Futi akavuta kiti, akakaa nyuma ya bega lake kama mtu anayepimwa suti na fundi asiyemjua.

"Picha za harusi yetu ziko mara nne, baba. Nifute tatu?"

"Ziache."

"Zote nne?"

"Nguo hupimwa kwanza. Wewe unataka kukata tu."

"Haya baba, mimi ni mkasi, wewe ndiye mkono." Akacheka. Mzee akamchungulia machoni. "Na mchezo huu wa karata?"

"Wa mama yenu huo. Usiuguse."

Kila alipopeleka mkono, mzee alikohoa. Kuhusu kikapu, kimya. Angesema "hapo usiguse," si angeulizwa pana nini? Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo alizijua. Akajipa moyo: mwizi hachambui matambara.

"Baba, samahani, naomba maji ya kunywa."

Mkwe akikuomba maji humwambii akatafute mwenyewe. Mzee akaenda jikoni, akasuuza bilauri, akaikagua kwenye mwanga, akaisuuza tena. Aliporudi mkwe alikuwa amesimama, funguo ziko mfukoni.

"Tayari! Wala sijagusa kitu chako. Nimemwaga takataka tu. Yaani baba, kumbe takataka ndizo zilizoijaza mashine! Ukitupa kitu humo hakiondoki, kinakaa pale pale kinakula nafasi."

Mzee Futi akamkabidhi maji. Macho yalikuwa mezani. Visikilizio vilikuwa mahali pake, ila waya ulikuwa umenyooka.

Mgeni alipoondoka alikifungua kikapu. Kitupu. Mashine ilikuwa nyepesi, inakimbia, haina cha kumsemesha.

Hakumwambia binti yake. Angemwambia nini, kwamba mama yako alimsengenya mumeo, nami nikaficha? Siku moja akaalikwa kwa binti na mumewe, chakula cha mchana. Mkwe akasimulia kisa cha ofisini, akacheka sana peke yake. Mzee akawa anachezea futi yake.

"Baba naye!" binti akasema. "Mwenzio anakuchekesha, umenuna kama umeshonewa mdomo."

"Mwache baba," mkwe akasema, akimsogezea sahani. "Anajua mimi nacheka kwa meno tu, macho hayamo."

Binti akacheka, kwake ulikuwa utani. Mzee Futi akaweka kijiko chini polepole. Akamtazama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza akaona macho yale hayacheki kweli, yamelowa. Au ni pilipili? Hakuwa na hakika.

Mkwe akainuka, akachukua sahani ambazo bado zilikuwa na chakula, akaelekea jikoni. Mzee akamuuliza mgongoni, kwa sauti ndogo, swali ambalo mpaka leo hakuna aliyemjibu:

"Mwanangu, sauti yake umeiweka wapi?"