Tairi Lililopasuka Kwenye Lami Kavu

Alhamisi, saa mbili asubuhi, kaka yangu aliondoka nyumbani na kikombe chake cha chai kikabaki mezani, nusu.

Saa tatu pikapu yake ilikuwa imelala ubavu kando ya lami.

Lami kavu. Imenyooka. Haina shimo hata la kuingiza kidole.

Hapo ndipo akili yangu iligoma. Miezi mitano matairi yale yalikuwa yamepita kwenye mawe, matope na mchanga. Jana yake tu nililiendesha gari mwenyewe kupeleka mabomba ng'ambo ya mto mkavu, likarudi salama. Halafu tairi linapasuka kwenye barabara nzuri kuliko zote?

Kaka alikuwa fundi wa pampu za visima. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nabeba spana, nashika bomba, naendesha akichoka. Aliniita Bosi kwa sababu nilipenda kutoa amri.

Tulipomzika sikulia. Nilikuwa na hasira tu, na nilijua pa kuipeleka.

Kwa Jeki.

Jeki ni fundi wa matairi, rafiki wa kaka tangu wakiwa shule. Jina alipewa kwa ajili ya mgongo wake. Watu husema jeki ikipotea dukani, gari analiinua mwenyewe. Yeye ndiye aliyetuuzia yale matairi.

Siku ile dukani mimi nilikuwa nimeshachagua. Nilitaka ya matope, yenye meno makubwa kama ngumi.

"Haya ndiyo matairi," nikasema.

Jeki akacheka. "Bosi, hayo kwenye lami utadhani umepanda trekta. Yatawapigia kelele mpaka mgombane. Na mvua ikinyesha yanateleza. Safari zenu nusu lami, nusu porini."

"Basi tupe ya lami."

"Ya lami jiwe la kwanza tu linayachana."

Akatuvingirishia jingine. Meno ya wastani, yamekaribiana, ubavu mnene.

"Haya ni ya njia zote. Kwenye matope hayayashindi ya matope, kwenye lami hayayashindi ya lami. Lakini hayawaachi njiani."

Kaka akalisukuma kwa goti. "Gumu hili."

"Gumu kwelikweli. Ndiyo maana nawaambia, upepo msiuangalie kwa macho. Pimeni."

Mimi nilikuwa nimenuna, nachezea simu.

Hayawaachi njiani. Maneno hayo niliyatafuna miezi minne.

Jeki alikuja msibani, akakaa nyuma kabisa. Nilimfuata mbele za watu.

"Umetuuzia mabovu. Umemuua rafiki yako."

Akainamisha kichwa.

Kunyamaza kwake kulinichoma kuliko kama angenitukana. Wiki ileile nikaandika hapahapa, kwenye kundi hili la mtaa: "Msinunue kwa Jeki. Anauza vifo."

Mlisoma. Wengi mlisambaza.

Mwezi wa pili baada ya mazishi nilipita pale nikakuta kompresa yake ya kujazia upepo imefunikwa turubai na hakuna hata gari moja. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Gari lilipomaliza kunyooshwa bodi, nilikwenda kwa Jeki. Sikwenda kununua. Yeye ndiye aliyelivuta gari siku ya ajali, na tairi lililopasuka lilikuwa kwake. Nililitaka nikamshitaki nalo, duka lifungwe moja kwa moja.

"Nipe lile tairi."

"Dada, liache."

"Usiniite dada. Lete tairi."

"Nakuomba. Liache lilipo."

"Unaogopa nini, muuaji wewe?"

Basi nikazunguka mwenyewe nyuma ya duka, nikaliburuta mpaka mbele. Nilipolisimamisha, unga mweusi ukanimwagikia miguuni, kama pilipili manga iliyosagwa.

Nikachungulia ndani. Ubavu ulikuwa umekwanguka, alama imezunguka duara zima.

"Hiki nini?"

Jeki akakaa juu ya rimu. Nilimwona amezeeka.

"Huo ni mpira uliojisaga. Tairi likikimbizwa na upepo mdogo, ubavu unajikunja, unachemka, unasagika kwa ndani. Mwisho linapasuka. Hilo halikuwa bovu. Lilikuwa na njaa ya upepo."

"Kaka alikuwa analizunguka gari kila asubuhi! Angeona!"

"Asingeona. Ubavu ule mgumu. Upepo ukipungua nusu, bado linasimama kama limeshiba. Si niliwaambia?"

Nikafungua mdomo nimtukane. Badala yake nikaliachia tairi, likaanguka.

Kwa sababu Jumatano, kwenye ule mto mkavu, nilikwama.

Nilishuka, nikabonyeza valvu kwa njiti ya kiberiti, tairi moja baada ya jingine, mpaka nusu ya upepo ikatoka. Kaka ndiye aliyenifundisha, kwenye mchanga ndivyo inavyofanywa. Gari likachomoka kama mchezo. Nikajisifu peke yangu.

Kurudi nilipita mbele ya duka la Jeki. Kompresa ilikuwa inanguruma. Palikuwa na foleni ya magari mawili, na mimi sikutaka kusikia porojo zake. Nikasema kesho.

Nyumbani nilimpa kaka ufunguo.

"Gari vipi, Bosi?"

"Halina neno," nikamjibu, nikaenda kuoga.

Asubuhi aliondoka nilipokuwa bado nimelala.

"Ulijua lini?" nikamuuliza Jeki.

"Siku ileile. Matatu yaliyobaki niliyapima. Kumi na nane, kumi na nane, kumi na saba, badala ya thelathini na tano. Na Jumatano nilikuona ukitoka upande wa mtoni, ukapita bila kujaza."

"Ukaniacha nikutukane miezi minne?"

"Mama yenu alikuwa anazika mmoja. Ningesema pale, angebaki na nani?"

Mnadhani nilimshukuru?

Nilimkasirikia upya. Nani alimwomba anifiche? Nililipiga lile tairi mateke mpaka kiatu kikachanika. Nikamwita mnafiki. Nikamwita kila jina nililolijua, na mengine nikayatunga palepale. Majina yote yalinistahili mimi, na sote wawili tulijua.

Aliniacha nipige mpaka nikachoka.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Ukimaliza useme unataka matairi gani. Hayo ya matope unayoyapenda ninayo."

Kicheko kilinitoka, kikageuka. Ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, nimekaa chini juu ya ule unga mweusi.

"Nipe kama yale," nikasema.

"Yaleyale?"

"Yaleyale. Hayakuwa na kosa."

Ule ujumbe wangu wa kwanza nimeufuta, lakini najua kufuta hakurudishi wateja. Jeki hakuuza vifo. Aliuza matairi mazuri kwa mtu mzuri, na alitoa onyo ambalo mimi sikulisikiliza kwa kununa. Mliosambaza ule, sambazeni na huu. Wote. Msichague sehemu.

Na wewe unayetumia gari la mwenzako, ukigusa chochote, mwambie kabla hujampa ufunguo. Hata kama amechoka. Hata kama unaona ni kitu kidogo.

Mama nilimwambia juzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani kwake. Tangu hapo anapika kama kawaida, ila haniiti mezani.

Kipimo cha upepo nakivaa shingoni kwa kamba. Asubuhi hii nimepima: thelathini na tano, yote manne.

Saa mbili naondoka kwenda visimani.