Safari ya Kumchukua Bi Zuwena na Ukuta Wake

Nilitumwa Unguja kumleta shangazi. Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Morogoro ana swali lake, na mimi nikianza kujibu nachanganyikiwa upya. Nimeona bora niandike safari yote kama ilivyokwenda. Atakayeielewa anieleweshe na mimi.

Chanzo kilikuwa picha. Jirani wa shangazi alimtumia kaka yangu Hamisi picha ya ufa ukutani, mrefu, na kiganja cha mtu kimezama ndani yake. Shangazi Zuwena anaishi peke yake Mji Mkongwe, katika nyumba ya mawe alimozaliwa. Kaka akasema nyumba itamwangukia, aletwe huku apende asipende. Mimi ni mwoka mikate, si msemaji, lakini shangazi ananipenda, basi nikachaguliwa.

Dar es Salaam nilipanda boti ya asubuhi. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno ya kumshawishi, mpaka abiria wa pembeni akauliza kama nasoma dua.

Adhuhuri niliingia Mji Mkongwe na kupotea papo hapo. Vichochoro vile vinakukaribisha kwa adabu kisha vinakurudisha ulikotoka. Nilimsalimia mzee mmoja mlangoni pake, nikaenda, nikamkuta tena yuleyule mlangoni pake. "Ushapita hapa, mwanangu," akasema. "Na salamu nshaipokea." Akanyanyuka akanipeleka mwenyewe.

"Hodi!"

"Karibu! Nani?"

"Mimi, Saidi. Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda! Hiyo mikate unawauzia watu tu, wewe huli?" Akanitazama kidogo. "Najua kilokuleta. Kula kwanza."

Baada ya chakula nilikwenda kuutazama ufa. Ulianzia chini, nyuma ya baraza ya mbele, ukapanda hadi dirishani. Niliogopa kweli. Nikaona pia vidude vidogo vyeupe vimebandikwa ukutani, na juu ya kabati kisanduku cheusi, ukubwa wa kopo la kuokea mkate, taa yake ya kijani ikiwaka.

Alasiri hiyo akaja Rukia, binti wa mtaa wa Kikwajuni ambaye kazi yake ni kufunga vyombo hivyo kwenye nyumba kongwe.

"Hivi ni vihisi," akanieleza. "Hivi vinapima unyevu, kile kinapima kama ufa unapanuka. Vyote vinampa habari huyu." Akakigusa kisanduku.

"Na huyu anampa nani?"

"Hampi mtu."

"Sasa faida yake nini?"

"Anahesabu mwenyewe, hapahapa. Ukitaka kujua kitu, unakuja unamuuliza."

Nilidhani ananitania. Ninavyojua mimi, habari zote siku hizi hupanda hewani, zikaenda kwenye mashine kubwa za watu wa mbali, ndipo zikarudi kwenye simu. Rukia alipoondoka nilipanda hadi darini kutafuta mnara au dishi la kurushia habari. Nilikuta kamba ya nguo na kunguru.

Kesho yake Rukia alirudi akanieleza tena polepole. Kuta zile ni nene, mtandao haushiki vizuri. Vihisi navyo havinyamazi usiku na mchana, na kuyapeleka mbali yote vinayosema ni kazi bure. Kisanduku kinakaa kama chekeche: chenga kinazitupa, kinachofaa kinakiweka. Chekeche nalijua, hapo nikaelewa kidogo.

"Na mimi ndo nliemwambia Rukia kisitoe kitu nje," shangazi akadakia kutoka jikoni. "Nyumba ina stara yake."

Ndipo Rukia akasogeza simu yake karibu na kisanduku na kukiuliza: ni lini ukuta huu umewahi kukauka? Jibu lilikuja pale pale. Ukuta ulikuwa na maji siku zote isipokuwa siku chache zilizofuatana, mwezi uliopita. Rukia akainua macho. "Bi Zuwena, siku hizo ulikuwa wapi?"

"Kikwajuni, msibani kwa shoga yangu. Nlilala hukohuko."

Tukatazamana. Mvua ilikuwa imenyesha siku zile, na bado ukuta ulikauka. Mwenye nyumba akiwepo, nyumba inalowa; akiondoka, inakauka. Nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa jini, na la pili lilikuwa kwamba nyumba inamlilia. Sikuyasema yote mawili.

"Ati mimi ndo nnaelowesha nyumba ya baba yangu?" Shangazi alikasirika hasa. Akavuta buibui lake. Ilikuwa saa yake ya baraza.

Jioni kila siku, kabla jirani hawajaja kukaa, humwagia baraza maji ili vumbi litulie na jua litoke kwenye jiwe. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Siku hiyo nilitoka kumbebea ndoo. Akachota kwa kopo, akarusha, akachota tena. Nikaona maji hayanyweki. Yaliteleza juu ya saruji, yakakimbilia ukutani, yakapotea kwenye mwanya wa chini. Niliita kwa sauti, na Rukia ndani akajibu kwamba unyevu unapanda.

"Baraza hii ilikuwa ya saruji tangu zamani?" nikauliza.

"Ilikuwa ya chokaa. Jirani wamenitilia saruji hii, hisani yao, wakaaji wakae vizuri."

Kumbe chokaa ilikuwa ikinywa maji na kukauka. Saruji haikunywa, ikayasukuma kwa jirani yake, na jirani yake ni ukuta. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku tanuri langu jipya lilipowaka. "Basi acha kumwagia, shangazi! Imekwisha!"

Hakufurahi. Akakaa juu ya baraza yake yenye majimaji. "Nisipomwagia, pana vumbi na joto, hawakai watu. Wasipokaa watu, Saidi, nami naweza kuja Morogoro kesho. Kitakachobaki hapa si nyumba, ni mawe."

Yale maneno niliyoyafanyia mazoezi botini yakanikauka mdomoni. Nikamwambia basi tuivunje saruji. Jirani walewale waliotia saruji ndio walioibomoa, huku wakitaniana nani alikuwa fundi. Fundi wa chokaa akaja akaitengeneza baraza upya, na safari hii akaiinamishia kichochoroni, maji yasirudi ukutani.

Nilimuuliza Rukia kama nyumba haitaanguka sasa. "Siwezi kukuapia," akasema. "Ufa ukianza kupanuka, kisanduku kitapiga kelele."

Siku ya kuondoka niliomba kila kilichomo kisanduku nimpelekee kaka Hamisi, aamini. Shangazi akakataa katakata.

"Humo mna siku nlotoka na siku nlolala kwa watu. Hamisi ayasome hayo Morogoro? Siri ya mtungi muulize kata. Kata hiyo hapo juu ya kabati, na haitoki." Baada ya kumbembeleza sana alikubali litoke neno moja tu kila wiki, linijie kwenye simu, la ukuta mkavu au ukuta maji.

Nilirudi na kapu la shokishoki. Stendi ya Morogoro kaka alitazama nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

"Kwake."

"Na ushahidi kwamba nyumba imara?"

"Nao uko kwake."

Alinigombeza mpaka nyumbani, nami nikambishia nusunusu, maana hata mimi bado sijui vizuri habari inawezaje kuwepo bila kwenda popote. Nilichojifunza ni kidogo: ukitaka kujua ya nyumba ile, lazima ubishe hodi. Tulikuwa bado tunabishana simu yangu ilipolia ujumbe. Nikampa kaka asome: *Ukuta mkavu.*

Akanirudishia simu. "Na yeye mwenyewe hajambo?"

"Hilo kisanduku hakisemi. Mpigie."

Akaniomba namba yake, akapiga, akaweka sauti nje ili nisikie. Upande wa pili kulikuwa na watu wanacheka, barazani bila shaka.

"Shikamoo shangazi," kaka akasema.

"Marahaba," ikajibu sauti ya Bi Zuwena, kwa upole mkubwa. "Nani mwenzangu?"