Uji wa Masanja

Kila asubuhi nyumba yetu ilinuka karanga zilizokaangwa. Nilikuwa na miaka tisa, miaka ya hamsini ikianza, tukiishi katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa almasi upande wa Songwa. Mdogo wangu Masanja alikuwa amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi. Muuguzi wa kliniki alimwambia mama aache kumpa uji mweupe wa sembe na sukari, badala yake ampikie wa mtama usiokobolewa, uliochanganywa na karanga na dagaa waliotwangwa. Mama alitwanga, akachekecha, akajaza debe dogo. Alifanya hivyo kwa bidii ya mtu anayejitetea, kwa sababu shangazi, dada yake baba, alikuwa ameshatoa hukumu yake: mtoto amebemendwa. Maana yake ilieleweka kwa kila mtu kambini, kwamba mama alitoka nje ya ndoa wakati bado ananyonyesha, na uchafu huo umemwingia mtoto. Mama aliomba apewe mwezi mmoja wa uji ule. Baba alikubali.

Mama alipokwenda shamba la pamba, kupika na kulisha kulikuwa kazi yangu. Tulilisha watoto barazani, mbele ya macho ya majirani. Pale kambini sembe nyeupe ilikuwa alama ya baba mwenye mshahara. Mtama ulikuwa chakula cha waliobaki kijijini. Siku ya pili binti wa jirani aliinama juu ya bakuli akauliza, “Kabula, kwenu siku hizi mnakoroga udongo?” Wenzake wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Mwacha asili ni mtumwa, husema wahenga, na mimi nilikubali utumwa huo siku ileile.

Kuanzia kesho yake nilichota sembe kidogo kidogo kwenye gunia la ugali, nikapika uji mweupe, nikautia sukari na kumlisha Masanja barazani bila aibu. Unga wa debe niliulamba mkavu nyuma ya jiko, kwa kuwa karanga zilikuwa tamu, na uliobaki nikawamwagia kuku. Jioni mama alifunua debe, akaona limepungua kama inavyotakiwa, akanisifu. Nilipokea sifa hizo kila jioni.

Mwezi ulipokwisha miguu ya Masanja ilikuwa imevimba zaidi. Shangazi alikuja na wanawake wawili. Alimbonyeza mtoto mguuni, akawaonyesha shimo lililobaki.

“Mama Kabula,” alisema taratibu, “ungekuwa ugonjwa wa chakula, chakula kingeuponya.”

Mama alinigeukia. “Mwanangu, ulimpa kila siku?”

“Nilimpa, mayu.”

Hakuniuliza mara ya pili. Baba akaamuru mama arudishwe kwao na mtoto wake mgonjwa. Huko bibi alimlisha Masanja uji uleule wa mtama na karanga, naye akapona. Lakini habari za kupona hazikufika kambini, na baba alikuwa ameshaoa.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Kambarage. Nimejisomea mwenyewe vitabu vingi vya lishe, na ninajulikana kwa kuwasahihisha watu. Binti yangu huchanganya unga kama ule, akampa mwanawe hadharani, wala hakuna anayecheka. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema; yangu imepita miaka thelathini na bado naitembea. Mama, ambaye ni mzee na anaishi nami, huwaeleza wageni jinsi uji ulivyokataa kumponya Masanja kambini ukamponya kwao. Amelitafutia jambo hilo sababu kwa muda mrefu, na ameipata: maji ya kambini yalikuwa mabaya. Kisha hunigeukia mimi niliyesoma, nithibitishe.

“Ndiyo, mayu,” humjibu mama. “Yalikuwa maji.”