Bakuli la Zulikha wa Ghorofa ya Nne

Mimi nimekaa chini ya nyundo ya Zulikha miaka sita, kwa hiyo hao wote wanaomsifu leo wasubiri kwanza niseme mimi. Yeye anakaa ghorofa ya nne, mimi ya tatu, bafu lake liko juu ya bafu langu. Na bafuni humo ndimo alimofungua karakana, wiki ile ile aliyostaafu upishi wa shule.

Baba yake alikuwa mfua shaba, fundi hasa, nusu ya mabibi harusi wa mji wetu wa Konstantini walitoka kwao na vyombo vyake. Binti yake hakufundishwa hata kushika nyundo. Kazi ya Zulikha ilikuwa kumpelekea chakula cha mchana na kusubiri sahani.

"Alidhani nasubiri sahani," aliniambia siku moja. "Kumbe nilikuwa naiba."

Akapika dengu za watoto wa watu miaka thelathini na tano, na wizi wake ameuficha mikononi.

Meza yake ni ubao uliolazwa juu ya beseni la kuogea. Gogo la mzeituni la kufulia shaba amelisimamisha juu ya tairi la gari na mazulia mawili makuukuu, eti mimi nisisikie. Nilisikia. Patasi za kutilia nakshi alizichonga mwenyewe kwa misumari mikubwa na springi za lori, akazisugua kwa tupa mpaka moja ikawa jani, nyingine nyota, nyingine jicho la ndege. Lami ya kuishikilia shaba isiteleze anaiyeyusha kwenye sufuria bovu la kuskusi, na moto anauwasha roshani kwa mtungi wa gesi. Humo humo alitoa birika na vinara ambavyo mafundi wenye tanuri zao hawavifikii, na mimi si mtu wa kusifu ovyo, ulizeni jengo zima.

Basi binti yake Rumaisa akachumbiwa. Kwetu bibi harusi haendi hamamu, bafu la mtaa, na kopo la plastiki. Huenda na bakuli la shaba, na wanawake wa upande wa mume hulipindua, hulipiga ukucha wausikie mlio, na watakalolisema siku hiyo ndilo watakalolisema miaka yote. Mama wa bwana harusi, Bi Akila, alipoambiwa kwamba Zulikha analifua mwenyewe, alicheka mbele yetu sote.

"Usijisumbue, mama Rumaisa. Sisi tutanunua la fundi. Hilo lako utachotea maji ya kufulia."

Zulikha akamwongezea kahawa. "Njoo na lako, Bi Akila. Langu likikushinda kulisifu, tutatumia lako."

Yakaisha hayo. Sasa bakuli likitoka baya, Rumaisa ataingia nyumba ya watu na kicheko kimemtangulia.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na siingii vizuri. Shaba ikipigwa sana hukakamaa. Kila baada ya muda lazima ichomwe mpaka iwe nyekundu, itumbukizwe majini, ilainike, ndipo ipigwe tena. Mimi hayo nilikuwa siyajui. Nilichojua ni kwamba lami iliyoganda kwenye shaba ikiungua hutoa moshi mweusi, na moshi huo ulishuka kwenye shuka zangu nyeupe nilizoanika kwa ajili ya Idi ya kuchinja. Nikapanda ngazi.

"Zulikha, nyundo nimevumilia. Moshi sivumilii."

"Shuka ngapi, dada?"

"Nne."

"Nitakufulia."

"Sitaki kufuliwa. Nataka uzime, na usiwashe tena mpaka Idi ipite."

Akazima. Shuka akazichukua kwa nguvu, akazifua kwa mkono, akanirudishia zimepigwa pasi. Kisha akaendelea kufua shaba bila kuichoma, siku nne. Mlio ukabadilika, ukawa mkali, unaniingia kwenye meno, nami nikaona ananikomoa. Siku moja kabla ya Idi nikasikia pigo moja kavu, halafu kimya.

Miaka sita nimeuomba ukimya huo. Ulipokuja, kahawa ikanikataa. Nikapanda tena.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa beseni, bakuli mapajani. Ufa umetoka mdomoni ukashuka karibu na kitako, umekata nakshi zote.

"Ilitaka moto," alisema. "Nilijua. Nikaipiga tu."

"Si ungeniambia?"

"Ningekwambia nini, na ulikuwa umeshakasirika?"

Nilijichukia siku ile. Nikamwambia anunue bamba jingine la shaba. Akaniambia mtaa wa wafua shaba wote umefunga kwa Idi, hadi wiki ijayo, na hamamu ni Alhamisi.

Nikashuka, nikaondoa ukutani sinia la mama yangu. Ndilo nililoingia nalo nyumba hii nikiwa bibi harusi, shaba nzito ya zamani, katikati ina nyota ya ncha nane, na ncha moja imepinda. Mama alikuwa akisema fundi alipiga chafya. Nikampelekea.

"Huriya, hili la mama yako."

"Najua la nani. Kata."

"Siwezi."

"Basi nipe huo mkasi nikate mimi, si ndimi niliyeharibu? Na moto uwashe, shuka nimeanua."

Akaninyang'anya mkasi.

Siku ya Idi yenyewe, nyama zikiwa bado jikoni, tulikuwa roshani, mimi nimeshika koleo, nimejaa masizi hadi kwenye nyusi. Shaba alikuwa akiifua kwa kuizungusha, pigo kando ya pigo, hakosei, na bakuli likanyanyuka polepole kutoka kwenye bamba lililolala. Nilimpenda sana mwanamke yule. Sinia la mama nililihesabu limekwenda, kwa masizi yale hakikuonekana kitu.

Alhamisi, hamamuni, Bi Akila alilipindua bakuli mara mbili. Akalipiga ukucha. Mlio ukakaa hewani mpaka wanawake wakageuka. Akachungulia ndani, akapitisha kidole kitakoni.

"Kazi ya kweli hii," alisema. "Ila hapa kwenye nyota ncha imepinda."

Nikanyoosha shingo. Nyota ya mama ilikuwa pale chini, nzima, ncha zote nane. Zulikha alikuwa amekata akiilenga katikati, na siku zote zile akapiga kandokando yake bila kuigusa. Neno moja tu, kwamba ile ncha si kazi yake, lingemsafisha.

"Imepinda," alisema Zulikha. "Ndiyo niliyoitunza kuliko zote."

Bi Akila akachota maji kwa bakuli hilo, akammiminia mkwe wake kichwani. Lile lake la kununua sikuliona likitoka kwenye mfuko wake. Mimi niligeukia ukuta, nikajipaka sabuni usoni, ili nikiulizwa macho mekundu ya nini, niwe na la kujibu.